KUJIFUNZA KALKULASI KWA NJIA YA MTANDAO
(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mazungumzo haya yanahusu somo moja la hesabu ambalo jina lake huwatisha watu wengi kabla hawajalifungua, nalo ni kalkulasi; na khasa sehemu yake ya mwanzo, ile yenye kushughulikia kitu kimoja kinachobadilika. Wapo watumishi, na wapo wananchi walio nje ya utumishi, wanaotaka kuliendea somo hili kupitia kozi za mtandaoni baada ya saa za kazi. Baadhi yao wanakusudia kujiunga na masomo ya takwimu, uchumi, uhandisi au upimaji wa ardhi, na sharti la hesabu linawarudisha nyuma. Wengine walilisoma zamani wakalisahau. Na wapo ambao hawakupata kulisoma kabisa, kwa sababu waliishia Kidato cha Nne, na hesabu za msingi walizosomeshwa hazikulifikia. Kalkulasi ilikuwa ikianza Kidato cha Tano kwa wale waliochagua mchepuo wake.

Inafaa kwanza ifahamike kuwa jambo linalotafutwa na somo hili si geni kwa mtu wa visiwani. Mvuvi yeyote anajua kwamba maji hayajai kwa mwendo mmoja. Yakianza kujaa huwa yanajivuta, mtu anaweza kuendelea kuokota chaza bila wasiwasi. Katikati ya muda huja kwa kasi hata aliyesahau dau lake akalikuta linaelea. Kisha hupunguza mwendo tena mpaka yakasimama. Ichukuliwe siku ya bamvua ambayo maji yamepanda mita 4, tangu kupwa mpaka kujaa, kwa muda wa saa 6 na dakika 12 hivi. Mtu akigawa mita hizo kwa saa hizo atapata wastani wa sentimita 64 na kitu kwa kila saa. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimsaidii nahodha anayetaka kujua maji yanakwenda vipi saa tatu baada ya kuanza kujaa. Anachokitaka yeye ni mwendo wa dakika ile ile. Kalkulasi hujibu suala hilo. Ikiwa kupanda kwa maji kutachukuliwa kuwa kunafuata wimbi la kawaida la trigonometria, jibu ni kwamba katikati ya muda maji yanapanda kiasi cha mita 1 kwa saa, yaani mara moja na nusu na zaidi kidogo ya ule wastani. Na pale yanapojaa kabisa, au kupwa kabisa, mwendo wake ni sifuri. Wazee walilijua hilo kwa macho. Somo hili huliweka katika tarakimu.

Njia ya kulipata jibu hilo nayo haina siri. Chukua hesabu nyepesi kuliko ya maji, ya kuzidisha namba kwa namba hiyo hiyo. Tatu mara tatu ni 9. Namba ikiongezwa kidogo ikawa 3.1, jawabu huwa 9.61, limeongezeka 0.61, na ukiligawa ongezeko hilo kwa 0.1 unapata 6.1. Ikiongezwa kidogo zaidi ya hapo, ikawa 3.01, jawabu ni 9.0601, na mgao wake ni 6.01. Kwa 3.001 mgao ni 6.001. Anayefuatilia ataona kwamba kadiri ongezeko linavyopunguzwa ndivyo mgao unavyoikaribia 6, wala haikimbilii pengine. Hiyo 6 ndiyo kasi ya badiliko mahali penye 3, na huko kukaribia ndiko kunakoitwa kikomo. Nusu ya kwanza ya somo imejengwa juu ya fikra hii moja.

Nusu ya pili hurudi kinyume: mtu anajua kasi ya kila wakati, anatafuta jumla. Pampu inasukuma maji kwa nguvu inayopanda na kushuka kulingana na umeme. Je, tangi limepokea lita ngapi tangu asubuhi? Hukusanywa vipande vidogo vidogo vya muda, kila kimoja na kasi yake, na vikajumlishwa. Kwamba kazi hizi mbili ni kinyume cha kila mmoja, kama kutia na kutoa, ndilo jambo kubwa lililofahamiwa katika karne ya 17 na Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, na Leibniz akawa wa kwanza kuichapisha kalkulasi yake, mwaka 1684. Ugomvi wao wa nani alitangulia ulidumu mpaka kufa kwao, nao haumhusu mwanafunzi.

Ndugu wasikilizaji, kozi za mtandaoni za somo hili sasa ni nyingi, na si zote zinazofaa kwa mwanzo. Itakayoelezwa hapa kwa urefu ni ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kijulikanacho kwa ufupi MIT. Mwaka 2001 chuo hicho kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi kwenye intaneti, bila ya malipo, kwa jina la OpenCourseWare. Wakati huo vyuo vingine vilikuwa vikifikiria namna ya kuuza masomo kwa njia hiyo hiyo. Ahadi ilitekelezwa. Somo la kalkulasi ya mwanzo, ambalo namba yake chuoni hapo ni 18.01, liliwekwa pamoja na mihadhara iliyopigwa picha darasani, zaidi ya 30, kila mmoja ukichukua kiasi cha dakika 50, mwalimu akiwa ni Profesa David Jerison akiandika kwa chaki ubaoni. Mwezi wa Januari 2011 somo hilo lilitolewa tena kwa mpango uliokusudiwa mtu anayejisomea peke yake: limegawiwa sehemu tano, na kila mhadhara umefuatishwa maandishi yake, mifano iliyofanywa hatua kwa hatua, mazoezi na majibu yake, na mitihani na majibu yake. Hakuna kujiandikisha. Hakuna ada. Na, jambo ambalo ni lazima lisemwe mapema ili asije mtu akalalamika baadaye, hakuna hati ya kumaliza.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania nacho kilianza mwaka 2013 kutoa kozi ya somo hili kupitia Coursera, iliyotayarishwa na Profesa Robert Ghrist kwa michoro ya kupendeza sana. Kozi hiyo ni nzuri, lakini huanzia kwenye misururu isiyo na mwisho, jambo ambalo katika kozi nyingi huwekwa mwisho. Imekusudiwa mwenye kuyajua tayari mambo ya awali. Aliyetoka Kidato cha Nne akianza na hiyo atachoka wiki ya kwanza, kisha ailaumu akili yake.

Hapo ndipo penye jambo linalopasa kuzungumzwa kwa uwazi. Mwaka 2019 ulichapishwa katika jarida la Science utafiti juu ya kozi za mtandaoni za MIT na Harvard. Ulionesha kuwa katika mwaka wa masomo wa 2017 na 2018, waliomaliza walikuwa kiasi cha watu 3 katika kila 100 waliojiandikisha. Ni kweli kwamba wengi katika hao 97 walijiandikisha tu wala hawakufungua hata somo la kwanza. Hata hivyo, katika wale waliolipia hati waliomaliza walikuwa 46 katika kila 100. Somo ni lile lile, mwalimu ni yule yule. Kilichozidi kwa hawa wa pili ni kwamba wameweka kitu chao mbele wasingependa kipotee.

Aliyesoma chuoni utotoni atalifahamu jambo hili upesi. Mtoto alikuwa akiandikiwa ubao wake, akakaa pembeni akausoma mpaka ukamwingia, kisha akaenda mbele ya mwalimu akasikilizwa. Akikosea, alirudishwa kwenye ubao ule ule. Hakupandishwa kwa kuwa alikuwapo wakati wenzake wakisoma. Kozi ya mtandaoni inatoa kila kitu isipokuwa hicho kimoja, yaani kusikilizwa. Profesa huzungumza, mwanafunzi hutikisa kichwa kukubali, mhadhara unakwisha, na unaofuata unaanza wenyewe. Kutazama mtu mwingine akifanya hesabu vizuri kunaleta hisia ya kufahamu, na hisia hiyo hudumu mpaka mtu anapowekewa karatasi tupu mbele yake.

Chuo chenyewe kimelipima jambo hili kwa saa. Katika utaratibu wa MIT somo la 18.01 linahesabiwa kuwa ni saa 12 kwa wiki: saa 5 za darasani na saa 7 za kazi ya mwanafunzi nje ya darasa. Maana yake, hata kwa vijana waliochaguliwa miongoni mwa wengi, na wenye profesa mbele yao, kazi ya peke yao ni kubwa kuliko kusikiliza. Muhula una kiasi cha wiki 14, kwa hivyo jumla ni saa 168. Mtumishi anayeweza kujinyima saa 6 kwa wiki atahitaji wiki 28, karibu miezi saba. Anayeambiwa kuwa somo hili litamalizika kwa mwezi mmoja wa jioni anadanganywa, na ni bora alijue hilo kabla ya kuanza kuliko katikati ya njia. Katika saa hizo 6, mbili na nusu ziwe za kusikiliza, na tatu na nusu ziwe za kalamu na daftari, simu imewekwa chumba kingine.

Kuhusu kusikilizwa, dawa yake ipo na haina gharama. Watafutane wawili au watatu, wa afisi moja au wa mtaa mmoja. Kila wiki kila mmoja afanye mazoezi yale yale peke yake, kisha wabadilishane madaftari na kusahihishana kwa kutumia majibu yaliyochapishwa. Na mmoja asimame amweleze mwenziwe hesabu moja tangu mwanzo bila ya kutazama daftari. Pale ulimi utakapokwama ndipo pasipofahamika. Aidha, wakipatana kuwa asiyeleta daftari lake wiki hiyo ndiye atakayenunua chai na maandazi, si vibaya.

Sasa kuna kikwazo kingine, nacho ndicho kinachowaangusha wengi huku wakidhani wameangushwa na kalkulasi. Katika mhadhara wa kwanza kabisa Profesa Jerison anafanya hesabu moja inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Unachorwa mstari wa kupinda ambao kila kimo chake ni moja kugawa kwa umbali, kisha unachorwa mstari ulionyooka unaougusa ule wa kupinda mahali pamoja tu. Mstari huo ulionyooka pamoja na mihimili miwili ya grafu hufanya pembetatu. Eneo la pembetatu hiyo ni ngapi? Chukua mahali ambapo umbali ni 2 na kimo ni nusu. Kalkulasi inasema kuwa mteremko hapo ni robo moja kwenda chini. Kwa hivyo mstari unaoukata mhimili wa kulala kwenye 4 utaukata mhimili wa kusimama kwenye 1, na nusu ya 4 mara 1 ni 2. Ukichagua mahali pengine popote, pembetatu itabadilika umbo, itakuwa ndefu na nyembamba au fupi na pana, lakini eneo litakuwa 2 vile vile.

Katika hesabu hiyo yote, hatua ya kalkulasi ni moja tu, ile ya kuutafuta mteremko. Nyingine zote ni aljebra: kutoa sehemu mbili zenye asili tofauti, kuandika mlinganyo wa mstari, kutafuta unapokata mhimili. Ni mambo ya vidato vya chini. Mtumishi aliyeacha skuli miaka 20 iliyopita anapoutazama mhadhara huo, kinachompotea si fikra mpya ya kikomo, ambayo amekwisha kuifahamu kwa mfano wa maji kujaa. Kinachompotea ni kwamba ubaoni umefutwa mstari mmoja wa sehemu bila ya maelezo, kwani mwalimu anachukulia kuwa kila aliyepo anaujua. Hapo hufunga kompyuta na kusema hesabu hazikuandikwa kwake.

Kwa hivyo anayetaka kuanza ajipime kwanza. Ajiulize kama anajua kwa yakini kuwa 3 na 4 zikijumlishwa kisha zikapandishwa kipeo cha pili jawabu ni 49, si 25. Na kuwa moja kugawa kwa jumla ya 2 na 2 ni robo, haiwi nusu na nusu. Katika tarakimu hakuna anayekosea. Zikiwekwa herufi badala ya tarakimu, makosa hayo mawili hufanywa kila siku, hata na waliofaulu. Akijiona anasitasita, atumie wiki sita au nane kurudia aljebra, vipeo, grafu na trigonometria. Masomo ya Khan Academy yanafaa sana kwa kazi hiyo. Asili yake ni Bwana Salman Khan kumsomesha hesabu binamu yake aliyekuwa mbali naye, mwaka 2004. Yamekatwa vipande vifupi na mazoezi yake hujisahihisha yenyewe. Wiki hizo zisihesabiwe kuwa ni za kupotea. Neno aljebra lenyewe limetokana na kitabu cha Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mas-ala ya wasia na mirathi. Mzee anayeweza kugawa urithi kwa thumuni na sudusi bila ya kukosea ameshika sehemu vizuri zaidi kuliko vijana wengi wenye vikokotoo mkononi.

Lugha nayo isipuuzwe. Mihadhara ni ya Kiingereza, na mwalimu anazungumza kwa mwendo wa watu wake. Maneno anayozungumza yamechapwa yote na yanapatikana pamoja na picha, hivyo ni vyema maandishi yasomwe kwanza na picha itazamwe baadaye. Daftari ligawiwe kurasa za nyuma kwa ajili ya istilahi: neno la Kiingereza upande mmoja, na upande wa pili maelezo ya Kiswahili aliyoyatunga mwanafunzi mwenyewe kwa maneno anayoyatumia nyumbani. Maneno yenyewe si mengi, hayafiki mia, na yakishazoeleka mihadhara ya mbele huwa myepesi kusikiliza kuliko ya mwanzo.

Kuhusu gharama, hali si kama ilivyokuwa. Kabla ya mwaka 2009, ulipofikishwa Dar es Salaam waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari, intaneti ya nchi ilitegemea satelaiti kwa sehemu kubwa, na kupakua mhadhara mmoja ilikuwa ni kazi ya usiku kucha. Hata sasa, mwenye kununua vifurushi vya simu ataona kuwa dakika 50 za picha zinakula fedha, na mihadhara 30 na zaidi inakula zaidi. Lakini masharti ya MIT yanaruhusu masomo haya kunakiliwa, kugawiwa na hata kutafsiriwa, maadamu hayauzwi, mwenyewe anatajwa, na kilichotungwa kutokana nayo kinatolewa kwa masharti hayo hayo. Mmoja katika kikundi anaweza kupakua yote mara moja mahali penye mtandao wa uhakika, akayaweka katika flashi, na wenzake wakanakili. Skuli yenye kompyuta moja isiyo na intaneti inaweza kuyaweka humo kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa vidato vya juu, na hakuna atakayewauliza. Mazoezi na majibu yake ni kurasa chache tu, zichapwe, kwani daftari la karatasi halizimiki umeme ukikatika.

Limebaki suala la hati, ambalo huulizwa kuliko mengine yote. Kumaliza masomo haya hakumpi mtu cheo wala daraja la mshahara, na asijitokeze mtu kwa mkuu wake wa kazi na daftari lililojaa akidai kupandishwa. Kunampa uwezo wa kukaa katika mtihani wa kuingilia, au katika mwaka wa kwanza wa chuo, bila ya kuona kiza. Kuna kozi nyingine ambazo hutoa hati kwa malipo, na anayeihitaji aangalie kwanza kama chuo anachokusudia kwenda kinaitambua, kabla ya kutoa fedha yake.

Aliyefika mwisho wa sehemu ya tano, na anataka kujua amesimama wapi, ataukuta mtihani wa mwisho wa somo umewekwa pamoja na majibu yake. Asiyatazame majibu. Achague siku ya mapumziko, akae chumba kimoja na wenzake wa kikundi, simu zikusanywe, muda uwe saa tatu kama wanavyopewa wanafunzi wa chuo hicho, na mwisho wa muda kila karatasi akabidhiwe mwingine aisahihishe.